Heshima Haiji na Barua ya Cheo

Barua ya kumpa mtu cheo huandikwa kwa maneno machache. Humwambia kwamba ameteuliwa, humtajia mahali pa kazi na tarehe ya kuripoti, na pengine humweleza mshahara wake. Haimwambii kwamba watu wa mahali hapo watamheshimu, wala kwamba watamwamini, wala kwamba watasimama naye siku ya shida. Kwa maana yule aliyeitia sahihi hana uwezo wa kutoa vitu hivyo. Hata hivyo wako viongozi wengi mno, wa zamani na wa sasa, wanaoisoma barua hiyo kana kwamba hayo yote yameandikwa ndani yake. Wakifika kazini wakakuta hayapo, hukasirika kama mtu aliyeibiwa.

Sote twaujua mkutano wa kiongozi wa namna hiyo. Wananchi wameitwa saa nne asubuhi. Mgeni afika saa nane. Wazee wamekaa juani, maana turubai lililofungwa ni la wageni. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye wajukuu, aulizwa habari za fedha za kujengea zahanati. Ajaribu kueleza kwamba fedha hizo hazikupitia mikononi mwake, lakini hapewi nafasi ya kumaliza. Mgeni, ambaye kwa umri ni sawa na kitindamimba wa mzee huyo, amnyang'anya kipaza sauti, amwita mzembe na mwizi, kisha aamuru polisi wampakie garini. Simu zimeinuliwa juu, zapiga picha. Jioni nchi nzima imemwona mzee yule akipanda gari kwa shida, na kiongozi asifiwa kuwa ni mkali na mchapakazi.

Twaomba makofi ya siku hiyo yasimdanganye mtu. Wengi wa waliopiga makofi walifurahi tu kwamba aliyepakiwa garini si wao. Na gari lilipoondoka, kila mmoja alikwenda nyumbani na funzo lake: kwamba mgeni huyo akiuliza jambo, jibu la salama ni "ndiyo, mheshimiwa." Tangu hapo kiongozi huyo hataambiwa tena kweli katika kijiji hicho. Ataambiwa choo cha shule kimekwisha, kumbe bado ni shimo. Ataambiwa mbolea imefika yote, kumbe nusu ya mifuko imepotelea njiani. Yeye atayaandika hayo katika taarifa yake, na aliye juu yake atayaamini, na mwisho wake ni watoto wa shule ile kujisaidia vichakani huku makao makuu wakihesabu choo kipya katika vitabu vyao. Hasara ya dharau, basi, haimpati yule aliyedharauliwa peke yake.

Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliwapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa kwa muda usiozidi saa 48. Waliotunga sheria hiyo waliufunga uwezo huo kwa masharti, na shabaha yao ilikuwa kuilinda amani. Lakini imepata kutumika kwa mtumishi aliyechelewa kazini, na kwa mtu aliyejibu swali kwa namna isiyompendeza mkubwa. Mara kadhaa viongozi wa serikali wenyewe wamewakanya wenzao waache mtindo huo. Sisi twaongeza hili tu: kiongozi anayehitaji saa 48 za mahabusu ili asikilizwe na mwalimu wa shule ya msingi amekwisha kutangaza mwenyewe kwamba hana njia nyingine ya kumfanya asikilize.

Hofu na heshima hufanana zikitazamwa kwa mbali. Mwenye hofu husimama mkubwa apitapo, na mwenye heshima husimama vile vile. Tofauti yake huonekana mkubwa akiisha kupita. Babu zetu walilijua jambo hili kwa migongo yao. Wakati wa Wajerumani, maakida walikusanya kodi na kuwapeleka watu katika mashamba ya pamba, na aliyelegea alipigwa kiboko, hamsa ishirini kwa hesabu ya siku zile. Kwa macho ya mtawala mambo yalikuwa shwari: watu walilima, na walipoitwa waliitika. Kisha Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, wazee waling'oa mashina ya pamba ya mtawala. Haikupita miezi mingi Vita vya Maji Maji vikawa vimeenea kusini yote. Utii ule uliokuwa ukiandikwa katika taarifa za serikali ulikuwa wa kiboko tu.

Lakini mfano wa kiboko ni rahisi, na kiongozi wa leo aweza kusema kwamba yeye hapigi mtu. Tuutazame basi mfano mwingine, wa mtu mwenye nia njema na elimu nyingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Mwingereza iliona kwamba udongo wa milima ya Uluguru wachukuliwa na mvua, na kwamba mto Ruvu, ambao Dar es Salaam yautegemea kwa maji, wajaa tope. Wataalamu wakaamua kwamba Waluguru wachimbe matuta ya ngazi milimani. Kuhusu mmomonyoko wataalamu hao hawakusema uongo. Hata leo mtu akisimama Morogoro mjini baada ya mvua kubwa aweza kuona rangi ya maji yatokayo mlimani. Hoja ilikuwa njema. Iliyokuwa mbaya ni njia iliyopelekewa watu: ililetwa kwa amri, ikasimamiwa kwa faini, na mabwana shamba wakapanda mlima kuhesabu matuta ya mtu kama mhesabu madeni.

Kumbe Waluguru walikuwa na mengi ya kusema, kama angepatikana wa kuwauliza. Walijua kwamba katika sehemu nyingi udongo mzuri ni ngozi nyembamba tu, na kwamba ukichimba ngazi waleta juu udongo mwekundu usioota kitu. Walijua pia kwamba ardhi yao ni ya koo, zifuatwazo kwa upande wa mama, na kwamba mtu akitia jasho kubwa namna ile katika ardhi ya ukoo mwingine huzaliwa kesi. Hayo yote yalichukuliwa kuwa ni uvivu na ujinga. Julai 1955 umati wa watu ulikusanyika Matombo, ghasia zikatokea, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Mradi ukaachwa. Miaka mingi ya kazi na gharama ikaenda na maji pamoja na udongo wenyewe.

Twaupenda mfano huu kwa sababu waonyesha jambo ambalo wakubwa wengi hawalitii maanani. Wao hudhani kusikiliza watu ni adabu tu, kitu cha kupamba uongozi, kama ua mezani. Uluguru watufundisha kwamba kusikiliza ni sehemu ya kujua. Mtaalamu yule angeketi jioni tatu na akina mama wanaolima, asingekuwa mpole zaidi tu. Angekuwa mtaalamu zaidi. Iko methali wanayoipenda sana wakubwa, ya asiyesikia la mkuu kuvunjika guu. Ni methali nzuri, lakini hutumiwa kama kwamba masikio waliumbiwa wadogo peke yao.

Mtu asiseme kwamba twawasema wakoloni kwa kuwa hawapo kujibu. Bendera ilibadilika mwaka 1961, lakini tabia haikushuka pamoja na bendera ya zamani. Februari 1971 TANU yenyewe ilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikawakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Chama hakikai kuandika marufuku ya jambo lisilokuwapo. Ibara hiyo iliwafikia wafanyakazi viwandani, wakaisoma, na katika miaka miwili iliyofuata migomo ilitokea katika viwanda na makampuni mbalimbali Dar es Salaam na kwingineko. Aliyedhani kwamba mfanyakazi hugoma kwa ajili ya shilingi tu alistaajabu, maana mara nyingi shitaka la kwanza lilikuwa matusi na dharau ya meneja. Watu waliokuwa na njaa ya mshahara walianza kwa kudai waitwe kwa majina yao.

Na katika mwezi wa mwisho wa mwaka ule ule wa 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi shambani Isimani na mkulima Said Mwamwindi. Klerruu alikuwa msomi na mchapakazi, aliyeamini kwa moyo wote kazi ya kuwaweka wakulima wa mahindi wa Isimani katika vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alikuwa mkulima aliyeogopa kupoteza shamba alilolifyeka. Mauaji ni mauaji. Mahakama ilimhukumu mkulima yule kunyongwa, nasi hatuna neno la kumtetea. Lakini miaka zaidi ya 50 imepita, na yafaa tuseme kwamba siku watu wawili walipokutana katika shamba lile, tayari kati ya serikali na mkulima palikuwa hapana tena mahali pa kuzungumzia. Mahali hapo hapajengwi siku ya ugomvi. Hujengwa kabla, katika siku za kawaida, kwa ziara zisizo na amri ndani yake. Novemba 1973 kuhamia vijijini kukawa amri kwa nchi nzima, ingawa Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa ameandika mwaka 1968 kwamba watu hawawezi kuendelezwa kwa nguvu. Tumeona katika miaka iliyofuata ni vijiji vingapi vilibaki kwa kupendwa na wakazi wake, na vingapi vilibaki majina.

Tugeuke sasa upande wa pili, maana liko pia jambo la kufurahisha katika historia yetu.

Katikati ya mwaka 1955 TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na wanawake walikuwa wachache mno ndani yake. Kazi ya kuwaleta ilimwangukia Bibi Titi Mohamed. Hakuwa na shahada, wala ofisi, wala gari. Elimu yake ilikuwa ya darasa chache za msingi. Alichokuwa nacho ni kwamba alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma, na alijua namna wanawake wa Dar es Salaam walivyojipanga: kila kikundi na kiongozi wake, kila kiongozi na heshima yake. Asingeweza kupita nyumba kwa nyumba katika mji mzima. Na kama angewaita wote uwanjani wawe wasikilizaji tu, wangekuja wachache. Aliwaendea wale viongozi wa vikundi, akazungumza nao kama mwenzao, akawaomba wao wawaite watu wao. Katika muda wa miezi mitatu hivi wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Yaliyompata Bibi Titi miaka ya baadaye ni habari nyingine, nzito, na si ya ukurasa huu leo. Lakini barabara iliyopewa jina lake Dar es Salaam hupitiwa kila siku na magari ya wakubwa, na twatamani wakikwama katika msongamano wayafikiri haya.

Tazama alichokifanya. Alianza na watu ambao tayari wanaheshimiwa na wenzao, akawaongezea heshima badala ya kuwanyang'anya. Kiongozi mgeni afikaye mahali kwa kawaida hufanya kinyume. Hutafuta kwanza nani mwenye sauti kijijini, mzee gani, shehe gani, padre gani, mama gani wa upatu, ili ahakikishe kwamba watu wamwona yeye kuwa juu yao. Hajui kwamba watu hao ni daraja, na aliyekata daraja abaki ng'ambo peke yake.

Januari 1958, huko Tabora, mkutano mkuu wa TANU ulikaribia kukivunja chama. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi waliona ni matusi kushiriki, na kwa kweli yalikuwa matusi. Mwalimu Nyerere alitaka chama kishiriki. Angeweza kutumia urais wake wa chama kuwanyamazisha. Badala yake alikubali kwamba hasira yao ni halali, kisha akawapa mfano wa mkulima ambaye mbele ya shamba lake pana dimbwi la tope: akitaka mavuno, hana budi kuchafua miguu. Watu wengi mle ndani walikuwa wakulima au watoto wa wakulima, na walilijua tope. Wengi walishawishika, wachache, akina Zuberi Mtemvu, hawakushawishika, wakatoka wakaunda chama chao. Hata hilo lafaa kukumbukwa. Kujua kuzungumza na watu hakumaanishi kwamba wote watakubali. Kwamaanisha kwamba walioshindwa kwa hoja wametoka mlangoni kwa miguu yao, wakaenda kusema yao mahali pengine.

Miaka minne baadaye, tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Mwalimu aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuzunguka nchi kukijenga chama. Watu wengi wa nje walidhani kwamba amepinduliwa au ameugua. Hawakuelewa mtu aachaye ofisi ya juu kabisa kwa hiari ili akakae tena katika mabaraza ya vijijini. Wananchi walielewa. Mwezi wa Disemba mwaka ule ule Tanganyika ilipokuwa jamhuri walimkabidhi urais, na hapakuwa na mtu aliyehitaji kuwaambia wamheshimu.

Lakini tusiwataje wakuu wa nchi peke yao, kwa sababu mwalimu bora wa somo hili alikuwa karibu zaidi, nyumba ya tatu kutoka kwako. Twasema balozi wa nyumba kumi, aliyeanzishwa katika miaka ya mwanzo ya 1960. Balozi hakuwa na mshahara, wala polisi, wala mahabusu. Alichaguliwa na majirani wanaojua amekopa wapi na amegombana na nani. Hata hivyo mume na mke wakigombana usiku wa manane ni mlango wake uliogongwa. Mpaka wa shamba ukihamishwa, yeye ndiye aliyeitwa. Tulipata kumwona balozi mmoja akisuluhisha ugomvi wa mbuzi kwa muda wa saa tatu. Saa mbili na nusu hakusema neno. Aliwasikiliza tu wagomvi wote wawili mpaka wakachoka wenyewe, ndipo akauliza mbuzi anaitwaje. Walicheka. Shauri likaisha kabla ya chai. Mtu huyo alikuwa amezika pamoja na watu wale, ameshinda misibani kwao, amebeba majeneza ya wazazi wao. Neno lake lilikuwa na uzito kwa sababu alikuwa amelilipia kabla.

Wako watakaotujibu kwamba hayo ni ya nyumba kumi, na kwamba anayeongoza wilaya au shirika lenye watumishi mia tano hawezi kukaa saa tatu kwa ajili ya mbuzi. Tena kiongozi akiwa mpole watu watampanda kichwani. Jibu la kwanza ni jepesi: hatukusema mkuu wa wilaya asuluhishe mbuzi. Twasema aache kumkata kauli mtu aliye katikati ya sentensi, na jambo hilo halihitaji zaidi ya dakika tano.

La pili lataka kufikiriwa zaidi. Upole na kuheshimu watu si kitu kimoja. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwafukuza karibu 400; hakuna awezaye kumwita mpole siku ile. Lakini siku ile ile alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa sababu wanafunzi walikuwa wamesema kwamba wakubwa wala vizuri huku wakiwahubiria wengine kujinyima. Aliwakasirikia, na wakati huo huo aliisikia hoja yao na kuikubali sehemu iliyokuwa kweli. Wengi wao walirudishwa chuoni mwaka uliofuata. Ukali wa namna hiyo watu huuvumilia, maana wauona umeanzia wapi.

Hali kadhalika kubeba lawama. Mwaka 1976 watu walikufa mikononi mwa vyombo vya usalama katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati ule, hakuwa amemgusa mtu, lakini alijiuzulu kwa kuwa waliofanya hayo walikuwa chini ya wizara yake. Mtu mwenye hesabu fupi angesema kwamba amejimaliza. Mwaka 1985 alikuwa Rais wa nchi. Alipofariki Februari 2024, habari ile ya kujiuzulu ilitajwa katika kila kilio. Naye Mwalimu mwaka 1984 alikiri waziwazi kwamba kuzifuta serikali za mitaa mwaka 1972, na vyama vya ushirika mwaka 1976, yalikuwa makosa. Sijui, wenzetu wa leo wangesema, utamkubalije kiongozi anayejikosoa? Wananchi walimkubali zaidi, kwa sababu walikuwa wameyajua makosa hayo kabla yake, na walikuwa wakingoja tu kuona kama ni mtu wa kusema kweli.

Hapa hatuna budi kutoa onyo, maana maneno kama haya yetu huweza kuchukuliwa vibaya. Siku hizi yako mafunzo ya viongozi ambayo humfundisha mtu namna ya kushika mkono, namna ya kutabasamu, namna ya kurudia jina la mtu mara mbili katika mazungumzo. Hatuna ugomvi na tabasamu. Lakini tumewaona waheshimiwa wakati wa kampeni wakila wali kwa mama ntilie, wakibeba matofali kwa muda wa kupigwa picha tatu, wakiwaamkia wazee shikamoo mpaka wale wasiostahili. Kura zikiisha kuhesabiwa, vioo vya gari hupandishwa, na mama ntilie hamwoni tena mpaka miaka mitano. Mama huyo si mjinga. Anajua kwamba alitumiwa kama meza ya kupigia picha, na mara nyingine hupokea fulana na kumpa kura mwingine. Kuwajali watu kuna dalili moja isiyoigizwa kwa urahisi: ni jinsi mkubwa anavyomtendea mtu asiyeweza kumpa kitu wala kumdhuru. Mtazame na dereva wake. Mtazame na tarishi aletaye mafaili, na mlinzi afunguaye lango saa saba za usiku. Anamjua jina? Anajua kwamba mtoto wake alilazwa juma lililopita? Akimkosoa, amwita ndani na kufunga mlango, au amfokea ukumbini?

Jambo la kukosoa lafaa neno moja zaidi. Mtumishi aliyekosea na akaonywa faraghani hubaki na uso wa kuutazamia watu, na kwa uso huo atafanya kazi. Aliyevuliwa nguo hadharani hana la kulinda tena. Ama atakuwa mwoga asiyefanya lolote bila barua, ama atakuwa adui anayengoja siku. Mkubwa aliyemfokea hatazijua faili zilizokaa chini ya meza kwa sababu ya maneno yale.

Tena watu hawadai sana kama inavyodhaniwa. Hawadai kila ombi lao likubaliwe. Mkulima aliyeomba kisima akaambiwa kwa unyoofu kwamba mwaka huu fedha hazitoshi, na akaonyeshwa zilivyotumika, huondoka na kinyongo kidogo kuliko yule aliyeahidiwa kisima kwa makofi akangoja misimu minne. Hapana isemwayo mapema kwa sababu zake ni adabu. Ndiyo ya uongo ni dharau, kwa kuwa humchukua mtu mzima kama mtoto wa kubembelezwa.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yataka mkutano mkuu wa kijiji ukutanishwe angalau mara moja kila miezi mitatu, na vijiji vingi twavijua ambavyo mwaka huisha bila mkutano hata mmoja wa maana, ila ule wa kumpokea mgeni. Twawataka wakuu wa wilaya waanze hapo. Waende katika mikutano hiyo, si wote kwa siku moja wala kwa misafara, na wafike saa iliyotajwa. Turubai lifungwe upande wa wananchi. Mtendaji asome mapato na matumizi kabla ya hotuba yoyote, na maswali yaulizwe mpaka yaishe, hata lile la mwenye kigugumizi. Mkuu wa wilaya akae benchi la mbele pamoja na wengine, awe na daftari, aandike. Na mwenyekiti mzee aachiwe kiti chake.